Jinsi Nilivyojinasua kwa Mchina

Timau, Jumatano tarehe 12. Ni miezi saba tangu niondoke.

Mama Nekesa wangu, salamu kwako na kwa watoto. Hapa tunapojenga barabara, saa ya chakula, msimamizi wetu Mchina hutulaza kwenye mabua ya ngano na kutubana mkono kwa mieleka ya kwao. Leo aliahidi likizo kwa atakayejinasua. Mwenzangu Kamau alivuta mpaka akalia, “Woi! Wacha mkono, ndio nakulia ugali!” Mimi sikuvuta. Niliulegeza mkono, nikageuza kiuno polepole kumfuata yeye, kama ninavyoutoa wewe ukiulalia usingizini. Ukatoka! Mchina akashangaa: “Nani fundisha wewe?” Nikamwambia, “Bibi yangu!” Mgongo unauma, lakini nacheka peke yangu. Nawakumbatia nyote. Jumamosi jioni nitakuwa mlangoni.