Kompyuta ya Najat Haikuwa na Usingizi

Najat, nimewahi kazini Manzese. Chai ipo kwenye chupa.

Jana tulipojaribu simu ya video iliganda, ukanicheka: "Kaka, hiyo Linux uliyoniwekea kwenye kompyuta inasinzia!" Asubuhi nimebadili mipangilio yote ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, wapi. Kumbe Mama ameitandikia kompyuta kitambaa chake cha kufuma, kama redio, kikaziba matundu ya hewa ya chini. Prosesa ikipata joto hupunguza kasi yenyewe isiungue. Nimekitoa, inakimbia.

~~Mwambie Mama asiiguse.~~ Mama, shikamoo. Kitambaa kizuri, ila kompyuta ikae mezani patupu.

Najat, chomeka chaja. Saa nane wakikupigia video kwa usaili wa kazi, jibu bila haraka. Leo watakuona mpaka mwisho.

Kaka yako