Sentensi ya Visanduku Visivyoguswa

Dada mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, na nisipokuandikia wewe litanikaba. Lakini kwanza shikamoo. Natumaini u mzima na zamu za hospitali hazikuchoshi mno. Sisi ni wazima. Mama bado anasema nitamaliza macho kwa vitabu.

Unamkumbuka jirani yangu wa dawati, yule tunayemwita Kasuku kwa kuwa hanyamazi? Mwalimu wa hesabu alitaka kazi moja ya kupeleka kwenye maonyesho ya shule zote. Nikabuni mashine ya kwenye karatasi: inatembea juu ya mstari wa visanduku, inasoma 0 au 1, inaandika, inasogea. Kila hatua yake nikaigeuza kuwa sentensi za kweli au si kweli, kama "katika hatua ya pili mashine iko kisanduku cha tatu", nikaziunga kwa "na", "au", "si" na "ikiwa". Wiki tatu, dada! Tulikubaliana mimi niandike, Kasuku azungumze, maana mbele za watu ulimi wangu hugeuka gundi. Majina yangekuwa mawili.

Jumanne nikaona jalada la daftari la kazi yetu. Jina moja, lake. Nilipomuuliza alicheka, akasema nisinune, kwani nani angenisikia nikinong'ona?

Alhamisi akasimama mbele ya darasa, akamwaga maneno. Mwalimu akauliza ni sentensi ipi inayozuia kisanduku cha tano, ambacho mashine haijakifikia, kisigeuke chenyewe kutoka 0 kuwa 1. Kasuku akasema hakiwezi, nani kakigusa? Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema sisi tunajua hivyo, ila sentensi zake hazijui. Akauliza nani atamsaidia. Kasuku akanigeukia. Mwalimu akachagua kazi ya darasa jingine.

Sasa jambo lenyewe. Pengo lile nililigundua Jumanne asubuhi. Nilikuwa nakimbia kumwambia, ndipo nikaona jalada, nikanyamaza. Na Alhamisi, aliponigeukia kwa macho ya kuomba, niliinama kufunga kamba za viatu. Amenisaliti, dada, na bado naumia. Lakini pale chini ya dawati nilikuwa natabasamu.

Baada ya kipindi nilichukua daftari, nikaandika sentensi iliyokosekana: ikiwa mashine haiko kwenye kisanduku, alama yake hubaki ileile hatua inayofuata. Chini ya jina lake nikaandika langu. Nikalipeleka ofisini. Mwalimu alilisoma lote, akasema orodha ya kazi za maonyesho imeshatumwa. Leo nimehamia dawati la nyuma.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mimi mdogo wako,
Kitinda mimba