Wala Kaa wa Mlango wa Ruvuma

Chuno, Mtwara
3 Septemba 1972

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Pokea salaam zangu na za mama yako mdogo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, nalo umeshalizoea. Je, wewe u mzima huko Dar es Salaam? Na bosi wako wa studio bado anakuachia chumba cha giza jioni usafishe picha za mzee asiye na kazi?

Nakuletea mkanda mmoja. Ushike kwa adabu, maana safari hii nimewapata: wala kaa wamerudi! Wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambao yule Mzungu aliyeniachia kamera aliwatafuta miaka yote akaondoka bila kuwaona. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakijaa, kila mahali hufunikwa, linabaki fungu moja tu la mchanga kwenye mlango wa Ruvuma, upande wetu. Basi wote hutua pale, wamebanana kama watu kwenye swala ya Idi, nami nimejificha mikokoni.

Anayenipeleka ni rafiki yangu Raimundo, yule aliyekimbia vita vya Mreno ng'ambo. Mkewe Luisa, watoto, na mama mkwe wake, Mama Lucinda, wangali wamejificha porini upande ule. Watu wa kwao huvuka kwa mkondo ulio nyuma ya fungu hilo, kwa kuwa ni bamvua tu inayoujaza ukabeba mtumbwi wenye watu. Kwenye picha moja utauona mtumbwi nyuma ya ndege. Nimeuacha makusudi, ili watazamaji ndege wenzetu tunaopelekeana picha wapime ukubwa wa ndege.

Eropleni ya Mreno hupita huko mara kwa mara. Ikinguruma najitupa kifudifudi kwenye matope, sikufichi. Lakini ndege wenyewe! Usisahau kuandika nyuma kama kanuni yetu inavyotaka: jina la ndege, mahali, tarehe, na hali ya maji.

Baba yako mdogo,
Athumani

Kariakoo, Dar es Salaam
24 Septemba 1972

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo, na umshikie mama mdogo miguu kwa niaba yangu. Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila vidole vinanuka dawa za picha hata nikila wali. Hilo goti alikande mama kwa maji ya moto, wewe uache ubishi.

Picha zimetoka vizuri mno, baba, nakala zako zimo humu. Bosi alichungulia akaniuliza nani mpiga picha huyu, nikamwambia ni mzee mmoja anayelala kwenye matope. Nimeandika nyuma yote uliyotaka, kwa Kiingereza changu cha shule, nikazitia kwenye bahasha ya mzunguko. Leo imeondoka kwenda Nairobi, halafu itafika kwa mwalimu wa Blantyre, na kila mtu atatoa picha yake ya zamani na kuweka mpya kama kawaida. Mwalimu huyo amemwingiza rafiki yake mmoja, daktari, mpenzi mkubwa wa ndege wa pwani. Kwa hiyo watazamaji wako wameongezeka, bwana mkubwa.

Hizo eropleni zinanitia wasiwasi. Piga hata wa bustanini Chuno, nao ni ndege.

Mwanao,
Zuhura

Kariakoo, Dar es Salaam
26 Novemba 1972

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Idi ilikuwaje huko? Mimi nililia kidogo kwa kukumbuka pilau ya mama, kisha nikajipikia yangu ikaungua. Afya ni njema.

Bahasha bado inazunguka, lakini sifa zimetangulia. Mzee wa Nairobi anasema hajaona picha ya wala kaa iliyo karibu namna ile. Na yule daktari amekuandikia kupitia kwa mwalimu wa Blantyre, na amekutumia mikanda ya bure! Kumbe anakaa Beira. Ana maswali, naomba unijibu nimwandikie. Fungu hilo liko umbali gani kutoka ukingo wa ng'ambo? Ndege hukaa hapo katika kila bamvua? Na ule mtumbwi, hupita kila bamvua, na unatokea upande gani? Anasema anachelea mitumbwi isije ikawasumbua ndege.

Umeona, baba? Mtu yuko mbali hivyo anawaonea huruma ndege wako.

Mwanao,
Zuhura

Chuno, Mtwara
2 Desemba 1972

Zuhura mwanangu,

Salaam. Usiniulize afya. Tangu nipate barua yako chakula hakishuki, na mama yako mdogo anadhani nina malaria.

Beira, mwanangu! Beira ni kwa Mreno! Daktari gani anayeuliza mtumbwi unatokea upande gani? Nimeichukua nakala ya ile picha uliyoniletea nikaitazama upya. Kwa miezi yote hii nilikuwa natazama ndege tu. Mtumbwi ule una watu, kina mama na mizigo kichwani. Nasi tumewaandikia nyuma mahali na maji! Mtu yeyote mwenye kalenda ya mwezi anaweza kujua siku gani watapita tena.

Labda ni daktari kweli na anapenda ndege kweli. Najiambia hivyo asubuhi, ikifika adhuhuri siamini tena.

Luisa na watoto wanavuka kwenye bamvua ya mwezi mpevu wa Desemba hii. Raimundo aliniambia mwenyewe, anacheka, anasema nitakula kuku. Nikikaa kimya wanaweza kuuawa. Nikisema, mimi ndiye mtu mwenye kamera mpakani aliyepeleka picha ya njia kwa Mreno. Mgambo wameshaniuliza mara mbili kamera hii ni ya nini, na niliwajibu kwa mzaha. Sasa sina mzaha.

Irudishe bahasha hiyo. Usimjibu huyo mtu hata neno moja. Na uniambie nifanye nini, maana kichwa changu hakifanyi kazi.

Baba yako,
Athumani

Kariakoo, Dar es Salaam
7 Desemba 1972

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na homa ya woga, sina nyingine.

Nimepeleka telegramu Nairobi, wamejibu kwamba bahasha ilishapita zamani. Blantyre hawajajibu. Mkanda wako wa wala kaa nimeukatakata na kuuchoma nyuma ya studio, nimemdanganya bosi kuwa uliharibika.

Baba, nakuomba kwa jina la marehemu baba yangu, usimwambie mtu habari za picha. Hata Raimundo. Atakuwa na uchungu, atasema kwa mwenzake, na huyo atasema kwa balozi wa nyumba kumi, na wewe utachukuliwa. Nani atakayekaa akusikilize habari za ndege na kanuni za watazamaji? Watakuita mpelelezi, na mimi nitakuwa mpelelezi mwenzio, kwa kuwa hati ya nyuma ni yangu.

Mwambie umeota. Raimundo anaheshimu ndoto, si umewahi kuniambia kwamba aliahirisha kulima kwa sababu ya ndoto ya shangazi yake? Mwambie umeota damu kwenye bamvua ya mwezi mpevu. Atawavusha siku nyingine, watapona, na hakuna atakayekugusa.

Fanya hima. Usingoje barua yangu nyingine.

Mwanao,
Zuhura

Chuno, Mtwara
29 Desemba 1972

Zuhura,

Salaam aleikum. Mimi ni mzima wa mwili. Mama yako anakusalimu.

Nilifanya ulivyosema. Nilimkuta Raimundo anashona wavu, nikamwambia, "Nimeota maji mekundu, bwana. Bamvua ya mwezi mpevu, usipitishe mtu." Akauweka wavu chini. Akasema, akiniita mzee kwa lugha ya kwao, "Nkulungwa, ndoto hii nnaiogopa. Basi nitawatoa mapema, siku za maji mafu, kabla ya bamvua." Nikaitikia. Nilikuwa nimefurahi, mwanangu, nilijiona nimetua mzigo.

Lakini mimi nilimtajia siku, sikumtajia mahali. Akawapitisha mkondo ule ule, na maji mafu hayaujazi. Mtumbwi ulikwama, wakashuka kuukokota. Luisa na watoto wakafika. Mama Lucinda alizama kwenye tope hadi kifuani, na walipomtoa alikuwa hapumui. Kama Raimundo angejua kwamba ni mahali pa kuogopwa, angewapitisha juu huko mtoni, mbali kabisa. Mama mkwe wake alikufa kwa uongo wangu.

Siku ya bamvua nilikwenda peke yangu, nikiwa sijui natafuta nini. Wala kaa walikuwa pale pale. Eropleni ndogo ikaja chini chini, mlango wazi, na mtu kajiinamisha nje. Kitu alichoshika nikajua ni bunduki. Nililala kifudifudi kwenye mizizi, nikapiga shahada. Ikazunguka, ikazunguka tena, ikaondoka. Haikutupa kitu! Hakuna damu, hakuna bomu.

Sasa Raimundo anasema mbele za watu kwamba ndoto yangu ilikuwa ya tumbo kujaa, na imemuua mama mkwe wake. Nikimwamkia haitikii. Kamera nimeifukia shambani kwenye mikorosho. Sijui tena kama nilimwokoa mtu au nilimuua mtu kwa kuogopa kivuli. Yule daktari labda alikuwa daktari tu.

Usiniletee tena habari za ndege.

Athumani

Kariakoo, Dar es Salaam
25 Februari 1973

Baba yangu mdogo,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili hukunijibu. Mama mdogo ameniletea salaam kwa mtu kwamba unakula, nimeshukuru. Najua umenikataza, lakini hili siwezi kulinyamazia.

Bahasha imerudi. Nilitaka kuichoma bila kuifungua, mkono ukanishinda. Ndani kuna picha ya daktari wa Beira. Ni wala kaa, baba, na ni fungu lako, nililitambua kwa ule mpindo wa mchanga. Ila wametazamwa kutoka juu, wametawanyika, mbawa wazi, na kivuli cha eropleni kimelala katikati yao. Ukingoni, kwenye mikoko, kuna mtu amelala kifudifudi amevaa shati la mistari nililokununulia. Nilikaa sakafuni chumba cha giza mpaka bosi akagonga mlango.

Siiweki posta. Ataileta jirani yangu Mwanahawa anayekuja Mikindani kwa harusi, atakupa mkononi.

Mpelekee Raimundo. Mwambie hakukuwa na ndoto, na kwamba maneno ya ndoto mimi ndiye niliyekutia kinywani. Mweleze yote, kamera, mtumbwi, hati yangu ya nyuma. Akitupeleka kwa balozi, atupeleke. Naogopa kuliko nilivyoogopa Desemba, lakini Mama Lucinda amezikwa kwa uongo wetu, na Luisa analea wanawe hajui alikuwa anasubiriwa na nani.

Nyuma ya picha yule mtu ameandika kama sote tunavyoandika: wala kaa, mlango wa Ruvuma, 21 Desemba, bamvua. Chini yake ameongeza mstari mmoja, kwa hati nzuri kabisa. Anauliza kwa nini safari hii mtumbwi haukupita.

Mwanao,
Zuhura