Kipara Anayejua Kusuka

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekupa nafuu, na umeacha kuvaa vile viatu vya visigino kazini. Msusi anayesimama kutwa nzima juu ya visigino anajitafutia mwenyewe. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ukiacha vidole, ambavyo nitakueleza. Jikoni tumepaka rangi upya, na bomba la bafuni bado linatoa sauti ya mtu anayesafisha koo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yako ninayo. Lakini kwenye simu wewe hunijibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, na haya niliyo nayo hayajibiki kwa kidole gumba. Tena ungenikatiza katikati kwa swali, nami ningenyamaza, unanijua. Kwa hiyo kaa, soma mpaka mwisho.

Nianze na mama. Ulipokwenda saluni ya ng'ambo ya barabara na wateja wakavuka barabara kukufuata, mama aliendelea kufungua duka lake kwa ubishi tu. Hayo unayajua. Usichokijua ni kwamba hakulifunga kwa kukosa wateja. Alilifunga kwa sababu ya vidole. Viungo vilivimba, vikakakamaa, ikafika mahali hawezi kutenga unywele mmoja na mwenzake. Siku moja alimwachia mteja nusu ya kichwa, akaomba radhi, akarudi nyumbani akakaa. Alikaa muda mrefu, dada. Alikuwa akitazama ukuta kama mtu anayengoja zamu yake hospitali.

Kazini kwetu, pale tunapochapa mabango, walibadilisha kompyuta wakaniachia moja ya zamani. Nikaileta nyumbani. Nilikuwa nimesikia habari za ile dunia ya mtandaoni ambamo watu hutembea na miili ya kuchorwa, huvaa, hujenga nyumba, huenda dansi. Nikamwambia mama kwamba kule kuna vichwa vingi havina wa kuvisuka. Akanisonya. Baada ya siku kadhaa akaniuliza, kama mtu anayepitisha neno tu, hivyo vichwa husukwaje.

Sasa hapa nyumbani tunapaita Kule. Anayeingia Kule mara ya kwanza hupewa avata ya mgeni: mwili uleule kwa wote, fulana ya kijivu, suruali ya kijivu, kichwa kitupu kama yai. Wote huanzia kwenye Uwanja wa Wageni, wakigonga kuta na kutembea kinyumenyume. Ni vichekesho. Hapo ndipo mama alipofungua kibanda cha misuko ya bure. Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti. Mimi nilimfundisha kusukuma kipanya kwa kiganja badala ya vidole. Mimi nilimsomea kanuni za wabunifu: usitumie sura ya mtu halisi bila ridhaa yake, usinakili kazi ya mwenzako, kitu cha mgeni kiwe chepesi kisielemee mashine za watu, na kila kazi ipite kwanza kwa wakaguzi. Msuko wake wa kwanza ulirudishwa kwa kuwa ulikuwa mzito, nyuzi nyingi mno. Mama akauliza tangu lini kichwa kikawa punda wa kupimiwa mzigo. Wa pili ulirudishwa kwa sababu kwenye njia ya katikati fuvu lilionekana limetoboka. Huo alicheka mpaka akatoka machozi. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu afunge duka, na kicheko kile kilikuwa changu, dada. Nilikihangaikia mwenyewe. Nataka ulielewe hilo kabla sijafika kwa Kipara.

Kipara ni jina alilompa mama. Alikuja kama wageni wengine, na fulana yake ya kijivu na kichwa chake cha yai. Wenzake huchukua msuko, hushukuru, huenda zao. Yeye alibaki. Akaja kesho yake, na kesho kutwa, bado na upara wake, ndani ya duka la nywele! Sauti hatoi. Mama huongea kwenye maikrofoni, yeye hujibu kwa maandishi. Aliomba afundishwe kutengeneza misuko, na mama akamkubalia papo hapo. Mama huyuhuyu nilimwomba anifundishe nikiwa darasa la tano, akaniambia vidole vyangu ni vya kushikia sufuria.

Tangu hapo nyumba ikawa ya Kipara. Nikirudi kazini namkuta mama amejipaka wanja, anamngoja mtu asiyeweza kumwona. Chai ninayomwekea inapoa mpaka inafanya utando. Nikianza kumsimulia ya kazini ananiinulia kiganja ningoje, Kipara anaandika. Kipara kauliza hivi, Kipara kajibu vile, Kipara ana mkono. Hilo la mkono ndilo lililonichoma. Unajua neno hilo humtoka mama kwa shida gani, na unajua amewahi kulitumia kwa nani.

Sifichi, nilishikwa na roho ya kwa nini. Nilimwambia mama kwamba mtu asiyetaka kutoa sauti ana lake jambo, huenda ni jibaba lenye ndevu linalotapeli wazee. Mama akajibu kwamba kama ni jibaba, ndevu azilete nazo zisukwe. Siku nyingine nilisimama mlangoni nikamsikia akimsimulia Kipara habari za yule mteja aliyekoroma kwenye kiti hadi kichwa chote kikaisha bila yeye kuamka. Wakacheka wote wawili, mmoja kwa sauti na mwingine kwa herufi. Mimi naishi naye, nampeleka kliniki, namfunga vifungo vya blauzi kila asubuhi, na hadithi ile sikuwahi kusimuliwa.

Ndipo nikafanya jambo la kitoto. Kazini, wakati wenzangu wametoka kwenda kula, nilijifungulia akaunti yangu, nikapewa mwili wa kijivu na kichwa cha yai, nikaenda kibandani kwa mama. Nikaandika kwamba nami nataka kujifunza. Sikutoa sauti, nilitaka nione. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba atanijua. Nilijiambia, mtu aliyekunyonyesha hakukosi hata ukivaa gunia.

Nilikwenda wiki nzima. Nilitenga nywele upogo. Nilivuta uzi ukaingia kwenye jicho la mdoli wa mazoezi. Mama alinivumilia, kisha siku ya mwisho akaniambia kwa ile sauti yake ya wateja, tamu kabisa: "Mgeni wangu, kila mtu na alichojaliwa. Hapo jirani wanafundisha kutengeneza viatu."

Viatu, dada!

Halafu, ili asinivunje moyo kabisa, akanikabidhi kwa Kipara anielekeze yale ya mwanzo. Kipara alikuwa mpole. Aliniandikia nisiwe na haraka, nilainishe kwanza kwa ncha za vidole ndipo nitenge. Nilizima kompyuta, nikaendelea na bango la watu wa magodoro huku nimefura kama mkate. Nyumbani siku hiyo sikusema na mama. Aliniuliza kama tumbo linauma.

Haukupita muda, Kipara akapeleka kazi yake ya kwanza kwa wakaguzi. Ujumbe ukaja kwenye akaunti ya mama, nami ndiye ninayemsomea, kwa kuwa maandishi madogo hayaoni sawasawa. Walisema kazi ya mgeni huyu inafanana mno na mkono wa mama, wakauliza kama imenakiliwa. Ikiwa ndiyo, akaunti ya mgeni itafutwa na hataruhusiwa kurudi.

Nilifurahi. Siwezi kulipamba. Nilimwekea mama kompyuta mapajani, nikamwambia mwanafunzi wake mpendwa amemwibia.

Mama aliitazama ile kazi. Akaizungusha mbele na nyuma, akaisogeza karibu na macho. Mistari ilianzia nyuma ya sikio la kushoto, ikapanda ikiuzunguka utosi, ikashuka kukutana shingoni. Hapo nami nikauona. Mtindo ule mama hajawahi kuupeleka Kule. Hata dukani hakumsuka mteja yeyote mtindo huo. Alikuwa akitusuka sisi wawili tu, siku za kupigwa picha shuleni, na wewe ulijifunza kwa kunisuka mimi. Kichwa changu ndicho kilichokuwa ubao wenu wa kuandika na kufuta. Mlinikalisha chini, katikati ya magoti, mkawa mnasemezana juu ya utosi wangu, hapa kaza, hapa legeza, na nikiinua uso kuuliza mnasema nini naambiwa nitulie.

Mama akasema nijibu kwamba haikunakiliwa. Nikamwuliza, basi ameipata wapi?

"Nilimfundisha mwenyewe," akasema. "Alipokuwa na miaka tisa."

Yeye aliendelea kuizungusha ile kazi, taratibu, kwa kiganja. Alisema amejua tangu siku za mwanzo, mara tu Kipara alipoandika habari ya kulainisha kwa ncha za vidole, maneno yake mwenyewe aliyokuwa akikwambia utotoni. Hakukuita kwa jina kwa kuogopa ungekimbia. Alisema alikukosea siku ile alipokataa kuitikia salamu yako mbele ya wateja, na tangu hapo hajapata neno la kuanzia. Kule, alisema, halihitajiki neno la kuanzia, mtu anashika chanuo na kazi inaanza. Akaniomba nisikwambie chochote. Nikamwahidi.

Kisha akaegemea kiti, akafumba macho, akaniachia mimi nijibu. Mbele yangu kulikuwa na Ndiyo na Hapana. Dada, kidole changu kilikwenda juu ya Ndiyo kikakaa pale. Mama asingeona. Ungeondolewa kimyakimya, yeye angedhani umechoka ukaondoka, kama ulivyoondoka mara ya kwanza. Mwisho nikabonyeza Hapana, na usidhani ni kwa wema. Niliwaza kwamba ukitoweka atakungoja, nami nitaishi na mtu anayekungoja. Hayo nimeshayaishi. Sitaki tena.

Hiyo ndiyo aibu niliyotaka uijue kutoka kwangu. Mama alikutambua kwa sentensi moja tu. Mimi nilisimama mbele yake wiki nzima na akanielekeza kwenye viatu. Wewe huna sauti, huna sura, umevaa mwili wa kuazima unaofanana na wa kila mtu, na bado kwake ulikuwa wewe. Nimejaribu kukuchukia kwa hilo. Inawezekana kwa saa chache tu, kisha nakumbuka kwamba hata ulipokuwa hunijui ulinifundisha bila kunicheka. Nina wivu nawe, dada. Nimekuwa nao tangu tukiwa watoto na sioni dalili ya kupona. Mama hajui kwamba yule mgeni wa upogo alikuwa mimi, na hilo naomba tulifiche mimi na wewe.

Ahadi niliyompa naivunja kwa sababu ya kanuni. Kazi yako imepita. Umeshapata taarifa, bila shaka: ambaye kazi yake imepita haruhusiwi tena kukaa na avata ya mgeni. Mwezi ukiisha uchague mwili wako na jina lako, la sivyo Uwanja wa Wageni utakufungia mlango. Mama anaijua kanuni hiyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsomea. Sasa hata chakula hali vizuri. Kila unapochelewa kuingia anageuka kunitazama kama vile nimekuficha chumbani. Anaogopa utaona afadhali kuondoka kuliko kutaja jina lako.

Usilitaje Kule. Njoo ulitaje hapa. Mama hawezi kujisuka tena, mimi sijui kusuka, na mikono ya mtu mwingine haitaki. Anafunga kitambaa hata akiwa ndani peke yake, na chini ya kitambaa hicho nywele zimeshikana vibaya, nimeziona siku ya kumwogesha. Hiyo ni kazi yako, nakubali. Lakini kliniki ni yangu. Vifungo vya blauzi ni vyangu. Chai ni yangu, na kuhusu sukari usije ukaniambia nazidisha.

Wasalimie wote hapo kazini kwako, hata yule mwenye saluni, ingawa salamu hizo zimenitoka kwa shida. Mama angekusalimu kama angejua naandika, yupo sebuleni anamfundisha mgeni mwingine, naye huyo anagonga ukuta.

Jumapili nipo nyumbani kutwa. Ukigonga mimi ndiye nitakayefungua, maana mama anachelewa kuinuka. Nivumilie nisipocheka nawe mara moja. Nitakupisha upite kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba