Nyasi za Mama Mkwe

Shoga, nimechoka hata kulia siwezi.

Mama mkwe karudi safari leo. Zile nyasi zake alizoniachia nizitunze, zile anazozipenda kuliko sisi wakwe zake? Zimekufa.

Joto lote hili, nilipoona zinakauka mabaka mabaka nikadhani ni kiu. Nikazidisha maji kila jioni.

"Kila jioni?" mama mkwe kaniuliza.

Ndiyo, mama.

"Kila jioni?!"

Kumbe ni ugonjwa wa ukungu! Nyasi zikilala na maji kwenye joto hivi, ukungu unatambaa usiku kucha. Mimi ndiye niliyekuwa naulisha.

Kilichonawiri ni magugu tu. Kang'oa moja, kanikabidhi taratibu. "Shika, mwanangu. Angalau hili limepata mama."

Shoga, niko kwenye basi narudi nyumbani. Bado nimelishika.