Programu Kuukuu kwenye Kompyuta Mpya

Sola, 5 Mei 2008

Mjukuu wangu Generoza,

Mwangaluka. Hujambo huko Bariadi? Mimi mzima, mguu tu ndio unanisumbua, lakini sikuandikii habari za mguu. Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi zangu za ngumbaru, kwa sababu simu inameza maneno na haya nataka uyasome mara mbili.

Selestini kondakta amesema mbele ya watu kisimani kwamba umeitoa programu mpya ndani ya kompyuta yako ya dukani ili uweke kuukuu. Niliuza maksai wawili, Generoza! Kompyuta ilipotoka Mwanza ililala kwangu siku mbili watu waione, kama ng'ombe wa mnadani anavyoingia kwanza zizi la nyumbani. Nilimwambia kila mtu hakuna mpya kama ile kutoka Nyalikungu mpaka Lamadi. Jana kanisani jirani yetu Milembe kaniuliza kama nimenunua sufuria jipya nipashie kiporo. Nimjibu nini?

Nani kakuroga? Rudisha kitu kipya.

Bibi yako,
Felisita


Bariadi, 8 Mei 2008

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Pole na mguu, uchue na mafuta ya moto. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaumwa.

Sijarogwa. Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha. Ile mpya haielewani na printa yangu ya zamani, na printa nyingine sina. Mratibu Elimu Kata amenipa kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio ya darasa la saba, shule tisa, iwe tayari Ijumaa tarehe 23. Nikichelewa, kazi inahamia steshenari ya stendi, na mimi nafunga duka narudi Sola kupalilia pamba. Ndiyo maana niliifuta mpya, niweke ya zamani.

Sasa ya zamani imekataa kuingia, Bibi. Inasema haioni pa kukaa. Fundi anasema ndani ya boksi hukaa diski moja, hiyo ndiyo inayoifundisha programu ya zamani kuvijua vyuma vipya. Kwenye boksi langu haimo! Nimekwenda Mwanza kwa Joakim aliyeniuzia, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Anaapa aliiweka. Nimemwambia tutakutana polisi.

Kwa hiyo kompyuta si mpya wala si ya zamani. Inawaka kioo cheusi, inanitazama.

Mjukuu wako,
Generoza


Sola, 11 Mei 2008

Mjukuu wangu,

Mwangaluka. Mguu umepata nafuu. Mpunga unaiva vizuri.

Nina swali, na usiniulize kwa nini nauliza. Hiyo diski ni duara? Upande mmoja unang'aa kama kioo? Katikati kuna tundu?

Polisi usiende kwanza. Polisi wana kazi nyingi.

Bibi yako


Bariadi, 13 Mei 2008

Shikamoo Bibi.

Ni duara. Inang'aa. Ina tundu.

Bibi, iko wapi?

Generoza


Sola, 15 Mei 2008

Generoza,

Mwangaluka. Usiniandikie barua fupi kama karani wa mahakama, mimi ndiye niliyemnyoa baba yako nywele za kwanza.

Diski anayo Selestini, nimeifunga kwenye kanga. Ilikuwa shambani, juu ya mpunga. Usipige kelele. Niliikuta kwenye boksi, nikajua ni pambo. Kitu kimetobolewa katikati na aliyekitengeneza mwenyewe. Sasa tundu lile la nini kama si la kamba? Tangu niitundike, kwelea hawajatia mguu. Milembe alikuja kuomba aiazime nikamnyima.

Nimeiosha kwa sabuni, halafu nikaisugua kwa majivu kama sufuria. Sasa inang'aa kuliko ilivyokuja.

Bibi yako


Bariadi, 17 Mei 2008

Bibi yangu,

Shikamoo. Diski imefika. Majivu yameichuna, haisomeki hata kidogo.

Fundi amekwenda kila duka hapa. Mwenye nyingine ni Joakim peke yake. Nilimpigia simu nimwombe radhi, akanijibu, "Mwizi hana diski, dada," akakata. Nikapiga tena. Akasema radhi yangu hana haja nayo, wateja wake wawili wameshahama. Anataka neno la huyo aliyeichukua, kwa maandishi.

Zimebaki siku sita. Najua hujawahi kuandika barua ya namna hiyo. Nakupigia magoti.

Generoza


Sola, 18 Mei 2008

Generoza,

Mwangaluka. Inuka, utachafua sketi. Hii ya chini mpelekee mwenyewe. Nimeiandika mara tatu, na karatasi mbili nimewashia moto.

Kwa Joakim, muuza kompyuta.

Kijana, hatujuani. Mimi nina miaka sabini na moja na ng'ombe kumi na wanne, na sijapata kumwomba radhi mtu aliyezaliwa baada ya Uhuru. Diski niliichukua mimi. Wewe hukuiba. Mjukuu wangu alikuita mwizi kwa sababu anaamini bibi yake hakosei, na hilo nimemfundisha mimi. Nisamehe. Wale wateja wako waambie ni mimi, Felisita wa Sola, wakitaka waje wanitazame.

Mpe mtoto diski. Ila siku nyingine mtu ukimuuzia kitu chenye tundu, mweleze tundu ni la nini.

Felisita


Bariadi, 24 Mei 2008

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo tena. Mguu unaendeleaje?

Joakim aliisoma barua yako amesimama. Alipofika kwenye ng'ombe kumi na wanne akakaa. Kisha akawasomea wateja kwa sauti, mzee mmoja akapiga makofi. Alinipa diski, akaniandikia kwenye karatasi nianze na nini, nimalize na nini.

Programu ya zamani iliingia Jumanne jioni, kimya kabisa, kama imezaliwa humo. Printa ikaitika. Alhamisi saa kumi mitihani ya shule tisa ilikuwa kwenye bahasha, na Mratibu ameniambia muhula ujao nichape tena. Duka halifungwi.

Jambo moja tu. Nilimwomba Joakim anirudishie barua yako niitunze. Alikataa. Ameikunja, ameiweka kwenye mfuko wa shati.

"Hii naenda nayo nyumbani," alisema. "Mimi pia nina bibi, na hajaniomba radhi hata siku moja."

Mjukuu wako,
Generoza