Wimbo Uliokimbia

Malangali,
Sumbawanga,
12 Oktoba 2024.

Kwa mpendwa dada yangu Valeria,

Shikamoo dada. Nakutumia salamu kwa wingi, na zikifika huko Kaoze zimepungua ujue zimemwagika kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, maana basi la kushukia huko bondeni breki zake ni sala za abiria. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji Zephania hajambo? Mpunga mmeshaukoboa, au bado mnaulalia kama kuku na mayai? Mimi huku ni mzima kabisa. Upepo wa Ufipa mwaka huu umetupasua midomo, kwa hiyo siku hizi naongea nusu siku tu, nusu nyingine nawaachia wenzangu.

Jirani yenu Malimi amenifikishia ujumbe wako neno kwa neno. Amesema unaniomba radhi kwa ajili ya Silvana, kwamba ametuaibisha. Amesema mtoto wako, tangu arudi huko, hachezi tena hata kanisani, redio ikiwashwa anatoka nje, na shemeji ameshamkabidhi jembe. Amesema pia Silvana hataki kueleza mtihani wa dansi ulikwendaje, ndiyo maana unaniuliza mimi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu mimi hucheka, na nikishacheka nimeshadanganya. Kwa hiyo nimekaa chini na kalamu, mimi mtu mzima wa darasa la saba niliyekuwa wa thelathini na nane kati ya arobaini, na wale wawili wa nyuma yangu siku ya mtihani walikuwa na surua.

Lakini dunia nimeitembea, hilo hata adui yangu hakatai. Lusaka nimecheza kwenye hoteli ambayo lifti yake inaongea. Ndola walinibeba mabegani. Lubumbashi mwanamke mmoja alivua kiatu akanirushia jukwaani kwa furaha, na kiatu chenyewe kilikuwa saizi yangu. Dansi ya jazi ya kisasa nilifundishwa na mama mmoja Mzambia aliyekuwa na mgongo ulionyooka kama mlingoti, na niliporudi Sumbawanga nikafungua shule yangu ndani ya godauni la mahindi hapa Malangali. Watu walicheka. Walisema Adriano ameleta ngoma ya kutupa miguu kama mtu aliyekanyaga siafu. Leo wanaleta watoto wao wenyewe.

Unakumbuka ile Jumapili ya mavuno nilipokuja kwenu? Watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wanacheza kuleta vipaji altareni. Wote walikuwa wanahesabu kwa midomo, moja mbili tatu nne, ila Silvana wako, akiwa na miaka kumi na mmoja, midomo yake ilikuwa imefungwa. Mpiga kayamba alipokosea, watoto wote walikosea pamoja naye. Silvana peke yake aliendelea pale wimbo ulipopaswa kuwa. Nilisahau kusujudu. Mwaka uliofuata nikakuomba unipe nimsomeshe huku mjini na kumfundisha dansi, ukanipa pamoja na blanketi moja na maneno kwamba nisimwonee.

Dada, nilimwonea. Nakwambia wazi maana ndivyo kazi yetu ilivyo. Gredi za mitihani ya dansi zinapanda moja baada ya moja, na ya nane ndiyo ya mwisho. Mtahiniwa anatakiwa atenge viungo, yaani kifua kiende upande mmoja na kiuno upande mwingine kama watu waliogombana, aruke azunguke hewani atue bila kishindo, na mwisho acheze dansi yake peke yake. Na mwaka huu palikuwa na nafasi moja, moja tu kwa mkoa mzima wa Rukwa, ya kwenda Dar es Salaam kusomea ualimu wa dansi, kula na kulala bure. Angeichukua atakayeshinda gredi ya nane. Silvana aliitaka nafasi ile hata akawa anaota anahesabu.

Kwa hiyo tulianza Januari. Ili apige msamba vizuri nilikuwa namlaza sakafuni, namwekea nusu gunia la ulezi juu ya mapaja, kisha nakwenda zangu kunywa chai. Akilia nilimwambia aangalie machozi yasidondoke kwenye saruji, wenzake watateleza. Mapigo niliyahesabu kwa mwiko wa ugali juu ya debe, na akichelewa mwiko uliacha debe ukaenda kwenye miundi. Juni, unajua baridi ya huku, walikuwa wanacheza peku kwenye saruji ile asubuhi, na punje za mahindi zinawachoma nyayo. Na nilimpa sheria moja, nikairudia kila siku kama rozari: wimbo haukosei. Ukijiona umechelewa, mwenye kosa ni mguu wako. Usitafute kosa kwenye wimbo, tafuta kwenye mwili wako. Aliishika sheria ile kuliko katekisimu.

Kufikia Julai alikuwa anatisha. Siku moja nilisimama kuwaonyesha wanafunzi ule mruko wa kuzunguka hewani. Goti hili la kulia, ambalo nimekuwa nikiwaambia watu liliumia Lubumbashi, likagoma. Nikaanguka kama mzigo wa kuni. Silvana akaja, akanishika mkono, akanivutia kiti, akaniambia kwa upole kabisa, mjomba wewe kaa, umechoka, mimi nitawaonyesha. Akaruka. Dada, aliruka akakaa huko juu mpaka nikadhani amebadili mawazo ya kushuka. Watoto wakapiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, nikatoa na kichekesho, nikasema sasa naweza kufa, tatizo jeneza sijalipima. Godauni zima likavunjika kwa kicheko.

Mtihani ulikuwa tarehe ishirini na nne Agosti, kwenye ukumbi wa kukodi. Mtahini alikuwa mama mmoja kutoka Nairobi, mwembamba, wa kutocheka. Nilimtolea vichekesho vyangu vitatu bora na vyote vikafia mezani pake. Watahiniwa walikuwa wawili, Edith na Silvana. Edith unamjua, binti mwenye bidii anayecheza kama anayefagia. Yeye alitangulia, akafagia vizuri, akatoka.

Silvana alipoingia, yule mama aliacha kuandika. Viungo alivitenga, mruko akaruka, msamba akapiga, na mama wa watu kalamu iko hewani tu. Ikabaki dansi ya peke yake. Wimbo wa dansi ile mwalimu ndiye anauchagua na mwalimu ndiye anaupiga, mtahini hajawahi kuusikia. Mimi nilikuwa kwenye spika na simu yangu. Nikaupiga.

Hatua nane za kwanza alichelewa. Nikaona macho yake yanashtuka, kisha nikaona anafanya nilichomfundisha: akaacha kuusikiliza wimbo, akaanza kuulaumu mwili. Aliukimbiza mwili ule dada, kama mtu anayefukuza ng'ombe wa kesi. Aliufikia wimbo, ukamkimbia, akaufikia tena. Kwenye mruko wa mwisho hakuwa na nafasi ya kujikusanya. Akatua na goti. Kishindo kikajaa ukumbi mzima. Aliinuka, akamaliza, akainama kwa heshima, akatoka akichechemea.

Nje alinifuata huku damu inachuruzika mpaka kwenye kifundo. Akaniambia taratibu, karibu kwa kunong'ona, mjomba, ule wimbo ulikuwa unakimbia. Edith alikuwepo, na wanafunzi wengine waliokuja kushangilia. Nikacheka. Nikawauliza wote, jamani, nyie mmewahi kuona wimbo una miguu? Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikamuuliza Silvana sheria inasemaje. Akaitaja. Kisha akapiga magoti, na lile goti lililopasuka likiwa chini kwenye changarawe, akaniomba msamaha kwa kuusingizia wimbo na kwa kuniangusha baada ya miaka yote ile. Nikamwinua. Nikamwambia mbele ya watu kwamba nimemsamehe, mimi ni mtu wa moyo mkubwa.

Matokeo yalikuja Septemba. Mbinu, nzuri sana. Nguvu, nzuri sana. Usikivu wa muziki, mtahini ameandika mstari mmoja tu: mtahiniwa hana sikio. Kwa mstari huo ameanguka, na nafasi ya Dar es Salaam ameichukua Edith.

Sasa Silvana, hapa shusha sauti. Najua ni wewe unayesoma. Mama yako na maandishi hawajawahi kuzoeana, na baba yako yuko shamba. Jifanye unatafuta mwandiko, mjomba anaandika vibaya, mama atakuamini. Haya yanayofuata yasome kwa macho tu kwanza.

Wimbo ulikuwa unakimbia. Kwenye simu kuna ile programu niliyokuwa natumia kuupunguza wimbo mlipokuwa mnaanza kujifunza. Asubuhi ile niliisogeza upande wa pili, wa kuuharakisha wimbo, upana wa ukucha. Wa Edith sikuugusa. Niliugusa wako.

Kile cheti changu cha gredi ya nane kilichokuwa ukutani ni cha gredi ya sita. Sita niliikwangua kwa wembe nikaandika nane. Ya nane niliifanya mara mbili Lusaka na mara mbili nikaanguka, hapo hapo kwenye dansi ya peke yake, na goti ndipo lilipoharibika. Lubumbashi hakuna aliyenirushia kiatu. Nilikuwa nafagia jukwaa.

Umeishi kwangu miaka mingi na nilikupenda, na hata siku ile nilikupenda, ndilo linalonitia kichaa. Ila ulinivutia kiti. Ungenitukana ningekuchapa tukayamaliza. Wewe ulinionea huruma mbele ya watoto, na ulikuwa na haki, na hukujua hata kama una haki. Tangu siku ile nilikuwa nakutazama ukiruka na ninachokisikia ni kile kiti kinavyoburutwa kwenye saruji.

Na usidhani nilikosa njia ya kurekebisha. Zilitolewa siku thelathini, kuanzia siku ya mtihani, za kulalamika kama mitambo ya muziki ilikuwa na hitilafu, kwa barua ya mwalimu. Nilizitia alama kwenye kalenda. Nilizipita moja moja, kila jioni nikisema kesho. Zilipokwisha ndipo nikawaandikia wasimamizi wa mtihani nikakiri, shujaa mimi. Wamejibu Jumatatu. Mimi wamenifuta kwenye orodha ya walimu. Alama zako zinabaki zilivyo. Mwakani mtihani utakuwepo tena Mbeya, lakini nafasi ya Dar es Salaam haitakuwepo, na goti lako sijui.

Sikuombi msamaha. Ule wa kwako niliupokea pale kwenye changarawe, kwa hiyo sina uso wa kuutaja wangu. Nakwambia jambo moja tu, maana yule mama ameandika na wewe umeamini: sikio lako lilisikia sawasawa. Ukumbini tulikuwa watu watatu, na aliyesikia kweli ni wewe peke yako. Na mwendo ule, hata katika ujana wangu, mimi nisingefika kwenye hatua ya kumi.

Ukitaka kumsomea mama yako haya, msomee. Akija huku na mchi wa kutwangia atanikuta nimekaa. Ukitaka kumsomea mbele ya baba na jumuiya nzima, soma, paza na sauti. Na kama hutaki, ruka. Mama yako hatajua. Anzia hapa chini.

Basi dada yangu mpendwa, mtihani ulikuwa hivyo. Mambo ya mitihani ndivyo yalivyo. Nisalimie sana shemeji Zephania, mwambie asimpe binti jembe zito mpaka goti lipone vizuri. Wasalimie wanajumuiya wote na Malimi nikimshukuru kwa kunifikia. Huku kila mmoja anakusalimu, na godauni nimelirudisha kwa mwenyewe, ataweka mahindi. Kula vizuri, mgongo uukande kwa maji ya moto. Na mshukuru Silvana kwa kukusomea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Adriano.